Nani Kakulipia Nauli?

Karatasi yenyewe haina siri. Imepigwa mistari kwa rula, safu nne: jina, chombo, namba ya simu, sahihi. Inapitishwa mwishoni mwa mkutano na waandishi wa habari, mgeni rasmi akishaondoka na soda zikishakwisha. Ukisaini unapewa bahasha ya kaki. Juu ya karatasi pameandikwa kwa herufi kubwa NAULI YA WAANDISHI, hata kama mkutano umefanyika jengo la pili kutoka ofisini kwako.

Niliisaini karatasi hiyo kwa miaka minane nikiwa mwandishi wa mkoani, Arusha. Baadaye, Dar es Salaam, nikawa mimi ndiye ninayeichora. Katikati ya hapo nilikaa miaka mitano kwenye wakala wa matangazo, ambako hakuna bahasha kwa sababu biashara nzima imo ndani ya bahasha. Siku hizi nahariri habari kwenye redio ndogo ya jamii, na wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hupenda kuniuliza: kati ya gazeti, matangazo na uhusiano wa umma, wapi kuna uchafu zaidi? Huwa siwajibu. Nawasimulia habari ya nauli.

Mwandishi wa mkoani enzi zangu hakuwa na mshahara. Alilipwa kwa stori iliyotoka. Gazeti langu lilitoa shilingi 5,000 kwa stori ya ndani na 10,000 ikipanda ukurasa wa mbele, na hizo zilikuja baada ya miezi miwili mitatu, nyingine hazikuja kabisa. Daladala juu yako, vocha juu yako, intaneti kafe juu yako, wali maharage juu yako. Ukipiga hesabu hiyo kwa utulivu unagundua kwamba bahasha ya 20,000 haikuwa zawadi inayokuja juu ya mshahara. Yenyewe ndiyo ilikuwa mshahara, na gazeti ndilo lililokuwa likitoa zawadi. Wahariri walijua. Wenye magazeti walijua zaidi. Gharama ya kukusanya habari ilikuwa imeshushwa mezani kwao ikabebwa na mwenye mkutano, na mwenye mkutano habebi mzigo wa mtu bure.

Kanuni tulikuwa nazo. Baraza la Habari Tanzania lilianzishwa na wadau wa habari wenyewe mwaka 1995, na kijitabu chake cha maadili kinamkataza mwandishi kupokea hongo au kishawishi cha namna yoyote. Nakala yangu ilikuwa imekunjwa chini ya mguu mfupi wa meza. Meza ilitulia vizuri sana.

Mapema mwaka 2011 Arusha nzima ilikuwa na neno moja mdomoni: kikombe. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Ilisemwa inatibu kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani na UKIMWI. Mawaziri walikwenda, wabunge walikwenda, Wakenya walivuka mpaka kwa makundi. Mhariri akanipigia simu.

"Uko wapi?"

"Mjini, mzee."

"Nchi iko Loliondo, wewe uko mjini?"

"Nauli, mzee."

"Jiongeze."

Neno hilo ndilo sera ya fedha ya vyumba vingi vya habari ninavyovijua. Nikajiongeza. Palikuwa na mfanyabiashara mwenye Land Cruiser mbili za kupeleka watalii mbugani. Msimu ule aliziondoa kwa watalii akazipeleka kwa wagonjwa, maana wagonjwa hawakuwa na wakati wa kupatana bei. Akanipa kiti cha mbele, bure. Hakuniomba chochote. Nalisema hilo mara mbili kwa sababu kwa miaka mingi lilikuwa utetezi wangu: hakuniomba chochote. Alisema tu, "Mwandishi, twende ukajionee mwenyewe."

Unaacha lami Mto wa Mbu. Unakula vumbi la Engaruka, unapita Engaresero chini ya Oldoinyo Lengai, kisha unaupanda ukingo wa bonde la ufa kwenda Sale. Nyuma yangu walibanana watu tisa. Bibi mmoja alikuwa amemlaza mjukuu wake mapajani, na kila gari liliporuka alikuwa akisema "pole baba, tunafika" kwa sauti ileile, kwa saa zote zile. Usiku tukafika. Hatukufika Samunge, tulifika mkia wa foleni. Tukalala ndani ya gari siku tatu. Vyoo hakuna, maji yanauzwa kwa bei anayojisikia muuzaji. Asubuhi ya pili, gari la tatu mbele yetu, walimshusha mtu aliyefunikwa kanga. Nikachomoa daftari nikaandika: "amekufa, mwanamume, miaka kama 50, ndugu wanasema wamemtoa wodini." Daftari hilo bado ninalo.

Stori niliyotuma haikuwa na mtu yule. Ilikuwa na shuhuda tatu za kupona. Mmoja alikuwa amekunywa kikombe saa mbili tu kabla ya kuniambia kwamba sukari imeshuka, wala sikumwuliza kaipima na nini. Unaweza kusema porini hapakuwa na mtandao wala daktari. Kweli. Lakini nilirudi Arusha, nikaoga, nikalala, nikakaa siku nzima kabla ya kutuma, na Hospitali ya Mount Meru ilikuwa mwendo wa miguu kutoka kwangu.

Nimejiuliza sana kwa nini nilimwacha marehemu yule kwenye daftari. Sikuogopa mtu na sikuwa mvivu. Asubuhi niliyokuwa naandika, mwenye gari alinipigia kunijulia hali, akauliza kama mgongo umetulia baada ya ile barabara. Tulikuwa tumekula sahani moja kwa siku sita. Nikiandika kwamba watu wanafia foleni, Jumatatu gari lake litaondoka na viti vitupu. Wala sikuliwaza jambo hilo kwa maneno. Kalamu ilikwenda yenyewe, kama punda anavyoijua njia ya kwa tajiri wake.

Stori ilipanda ukurasa wa mbele. Nililipwa 10,000 mwezi wa sita.

Kichekesho ni kwamba aliyesema hadharani kuwa hali imezidi ni Babu mwenyewe: mwezi Machi aliomba watu wapya wasije mpaka baada ya tarehe 1 Aprili, waliokwisha kufika wapungue kwanza. Mponyaji akatoa tahadhari na mwandishi amekaa kimya.

Karibu na ofisi yetu palikuwa na mama aliyeuza vitumbua na chai ya rangi. Sisi tulimwita Mama Vitumbua, yeye alituita wanangu. Asubuhi moja alinisubiri wenzangu waondoke, akafungua kipochi, akatoa karatasi ya gazeti iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa stori yangu. Ndani ya mkunjo aliweka kadi yake ya kliniki, ile ya CTC ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambayo sikuwahi kujua kwamba anayo.

"Mwanangu, nimerudi kutoka Loliondo hii wiki ya pili. Vidonge nimeshaacha. Namshukuru Mungu, na wewe pia, maana ndipo niliposoma."

Nilimwambia, "Shikamoo mama." Nilikuwa nimeshamwamkia dakika tano nyuma, lakini ndilo neno lililotoka. Kisha nikamwambia arudi kliniki, asiache dawa, madaktari wamesema hivyo. Akaniangalia kwa mshangao usio na hasira hata kidogo.

"Sasa nimwamini yupi? Wewe wa gazetini au wewe huyu?"

Madaktari walikuwa wamelisema tangu mwanzo: kunywa kikombe ukipenda, lakini usiache dawa za hospitali. Nilikuwa nimesikia redioni. Sentensi moja kama hiyo ingekaa katika aya ya tatu ya stori yangu bila kumkera hata mwenye gari. Mwezi wa nane meza ya vitumbua ikachukuliwa na binti mwingine. Akasema yule mama amerudi kwao Babati. Nilinunua vitumbua vyake, sikuuliza zaidi.

Babu alifariki mwaka 2021. Nilisoma kila kumbukumbu iliyoandikwa, nikiwatafuta watu wa kwenye foleni.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi kuhusu mambo ya kupokea, kwa sababu hapa kwetu jambo hilo lina pande nyingi. Umekwenda kijijini Longido kuandika habari ya ukame, mzee anakuchinjia mbuzi. Mbuzi huyo ni mali, tena mwaka wa njaa. Ukikataa umemtukana mbele ya wake na wanawe, na hutapata habari wala heshima. Semina nyingi za maadili huongozwa na watu ambao hawajawahi kuchinjiwa mbuzi, wanasema tu "usipokee chochote." Mimi nilijitafutia kipimo changu: je, ningefika hapa bila daftari, nimepotea njia tu, mzee huyu angenichinjia? Mzee wa Longido angenichinjia. Mgeni ni mgeni. Afisa wa kampuni anayenipa bahasha ukumbini asingenipa hata maji kama nisingekuwa na kalamu. Na mwenye Land Cruiser? Hapo ndipo kipimo kinapouma. Alikuwa mtu mkarimu kwelikweli, na asingenibeba.

Mwaka uliofuata safari ile ya Loliondo nilihudhuria semina (ndiyo, ilikuwa na posho, na ndiyo, nilisaini). Mwalimu akachora mraba ubaoni akaukata vipande vinne. Kinaitwa kisanduku cha Potter, kwa jina la Ralph Potter wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kipande cha kwanza unaweka ukweli wa jambo lilivyo. Cha pili, mambo unayoyathamini na yanayogombana ndani yako: ukweli, huruma, haraka ya kuwahi. Cha tatu, kanuni unayoisimamia, iwe ya dini, ya falsafa au ya taaluma. Cha nne, unawajibika kwa nani. Alitupa mfano wa picha ya maiti, tukajaza, tukabishana, ikawa burudani. Nilipofika kipande cha nne nikakwama. Nilikuwa nimejaribu kukijaza kwa stori ya Samunge, nikaona kilijazwa zamani, Mto wa Mbu, wakati nafunga mlango wa gari. Vile vitatu vingine sikuwahi kuvigusa kwa sababu kona moja ilikuwa imeshajibu kwa niaba ya zote.

Mwalimu alisema unaweza kuanza kona yoyote. Tangu siku ile mimi naanza ya nne, na naiuliza kwa lugha ya stendi: nani kakulipia nauli? Redioni kwetu sasa, kwa kuwa fedha bado hatuna na vijiji bado viko mbali, tunapobebwa na mtu tunalitangaza hilo mwanzoni mwa taarifa: "Mwandishi wetu alisafirishwa na halmashauri," au shirika fulani, au mwekezaji fulani. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo msikilizaji alipiga simu kucheka, "Mnajianika wenyewe?" Wiki iliyofuata alipiga tena kuuliza mbona leo hatujasema.

Tuje kwenye matangazo.

Nilihamia Dar mwaka 2012 nikawa mwandishi wa matangazo. Ni kazi tamu, sitaificha. Tangazo la redio la sekunde 30 linabeba maneno kama 60 ya Kiswahili ukitaka msomaji apumue, na maneno yetu ni marefu, neno moja linaweza kubeba mtenda, mtendwa na wakati wote kwa pamoja. Kwa hiyo unajifunza kupima kila silabi. Unajifunza pia kwamba ukikata, unachagua nani asijue nini.

Mteja alikuwa kampuni ya mikopo midogo kwa vikundi vya wanawake, marejesho kila wiki. Mikopo ya aina hii leo inaitwa kausha damu. Enzi zile jina lilikuwa halijashika. Niliambiwa riba ni "asilimia tano tu." Nikauliza, kwa mwaka? Afisa masoko wao akacheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto. Kwa wiki. Nikachukua kalamu: mkopo wa laki moja, wiki nane, marejesho 17,500 kila wiki, jumla 140,000. Nikaandika tangazo lenye hesabu hiyo. Bosi wangu, mtu mwema aliyenifundisha kazi yote ninayoijua, akaipiga mstari.

"Mdogo wangu, riba haiuzi. Anayeuza ni mama."

Tukamtunga mama. Tukamwita Mama Neema wa Mbagala. "Nilikuwa nauza mihogo barazani, leo nina duka langu! Mkopo nimeupata siku moja tu, bila dhamana, bila usumbufu." Sauti ilikuwa ya msanii wa maigizo aliyefika studio kwa bodaboda, akasoma mara tatu, ya pili ikawa nzuri zaidi kwa sababu alicheka mahali ambapo hatukumwelekeza. Akalipwa 50,000 akaondoka. Mwishoni fundi mitambo akaichukua ile "vigezo na masharti kuzingatiwa" akaikimbiza mpaka ikawa mbu anayepita sikioni.

Ukiisikiliza kisheria, kila sentensi ilikuwa kweli. Mkopo ulipatikana siku moja. Dhamana haikutakiwa, kwa sababu dhamana ni wanakikundi wenzako, ukishindwa wanakuja wao kubeba godoro na televisheni. Asiye wa kweli alikuwa Mama Neema peke yake.

Tangazo likapendwa. Miezi sita baadaye mke wa kaka yangu akanipigia.

"Shemeji, si uko huko kwenye mambo ya matangazo? Hebu tuulizie yule Mama Neema duka lake liko mtaa gani. Tunataka tuende kikundi kizima atuelekeze yeye alimudu vipi marejesho."

Nikamwambia nasikia amehama. Nilisema hivyo bila kusita hata nukta moja: mtu asiyekuwepo, nikamhamisha nyumba. Akasema basi, akanishukuru. Walikuwa wameshachukua. Shemeji alimaliza kulipa kwa kuuza cherehani. Wawili wa kikundi chake waliukimbia mtaa usiku, watoto mgongoni, na mikopo yao ikawaangukia waliobaki.

Waalimu wawili wa Marekani, Baker na Martinson, waliandika mwaka 2001 vigezo vitano vya kupima ushawishi wa matangazo na uhusiano wa umma. Kimoja ni ukweli, na hapo tangazo letu lingepita kwa kuchechemea. Kingine ni usawa: je, anayeshawishiwa anacho anachokihitaji ili aamue, au umemwona hajui ukaitumia hali hiyo? Hapo tulianguka mchana kweupe, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya hesabu kwenye karatasi na kuona inavyokwenda, kisha nikaitupa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilikuja mwaka 2018. Mwaka 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, nikaisoma moja moja kama mzazi anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Mteja wetu hakuwemo. Alikuwa ameshafunga duka zamani.

Na nauli? Nilikuja kuambiwa na mhasibu, tukiwa tunaagana, kwamba mteja yule alikuwa analeta karibu robo ya mapato ya wakala. Kodi ya chumba changu Sinza ilikuwa inalipwa na wauza mihogo.

Nikahamia uhusiano wa umma, kwenye kampuni moja ya viwanda, mwaka 2017. Kwa kuwa nilikuwa mgeni wa fani nilijisomea historia yake, nikakutana na Ivy Lee. Oktoba 1906 treni ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, Marekani, wakafa watu zaidi ya 50. Desturi ya kampuni za reli ilikuwa kufunga milango na midomo. Lee akaishawishi reli ya Pennsylvania itoe taarifa ya maandishi, tena iwapeleke waandishi eneo la ajali kwa treni yake. Wengi wanaihesabu kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari, na gazeti la New York Times liliichapa kama ilivyoandikwa. Nilicheka peke yangu ofisini. Uwazi na nauli vilizaliwa siku moja, pacha.

Ajali yetu haikuwa kubwa kiasi hicho. Kibarua mmoja wa zamu ya usiku alinaswa na mkanda wa mashine. Nilifika saa kumi na moja alfajiri nikamkuta bado yuko pale sakafuni, kafunikwa turubai, msimamizi wa zamu amekaa pembeni ameshika kiatu kimoja cha marehemu hajui akiweke wapi. Saa mbili asubuhi nikawa nimeandika taarifa. Bosi akaisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa andika alifariki wakati akikimbizwa hospitali."

"Bosi, hakukimbizwa."

"Ni ubinadamu. Ndugu zake wakisoma kwamba tulimkimbiza watafarijika."

Anayefanya kazi hii anajua kwa nini kifo huhamishwa kutoka sakafuni hadi barabarani. Kifo cha sakafuni kinauliza habari za mashine, kwa nini mkanda haukuwa na kinga. Kifo cha barabarani kinauliza habari za foleni ya Dar, na foleni ya Dar haina mkurugenzi. Wakaguzi wa usalama mahali pa kazi walipewa ukweli, kwa sababu wao wana sheria mkononi. Wananchi ndio waliopewa ile ya kukimbizwa hospitali.

Nilikataa isitoke kwa jina langu. Ikatoka imesainiwa "Uongozi." Huo ndio ushujaa wangu wote. Mchana nikapanga viti vya waandishi, nikachukua rula, nikachora safu nne, nikaweka 30,000 kwenye bahasha 22. Waliuliza maswali mawili, moja likiwa la jina sahihi la mkurugenzi. Kijana mmoja alinifuata pembeni kwa adabu nyingi: "Kaka, na ya mpiga picha?" Nikampa. Niliwaangalia wanavyosaini na sikuwa na neno la kuwaambia. Nilikijua kiasi wanacholipwa kwa stori. Nilibaki kazini. Ada ya watoto ilikuwa ya muhula wa pili.

Mwaka uliofuata niliachiwa niandike utaratibu mpya wa idara, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kuuandika. Nikaifuta karatasi. Mikutano nikaihamishia Posta, katikati ya jiji, ambako daladala za kila upande zinafika, na nyaraka nikawa nazituma usiku unaotangulia kwa vyumba vyote vya habari, wenye kuja na wasiokuja. Mkutano wa kwanza, wa matokeo ya mwaka, tuliweka viti 40. Walikuja wanne. Bosi alikuwa akihesabu viti kwa macho, anarudia, kama mtu aliyeibiwa mbuzi.

"Umetuaibisha," akaninong'oneza.

Watatu kati ya wale wanne waliuliza habari za faida na gawio. Wa nne alikuwa binti wa redio, begi lake limetoboka pembeni, ana daftari na karatasi moja iliyochapwa. Akasimama, akasalimia, akasema anayo taarifa yetu ya mwaka jana kuhusu kifo cha kibarua.

"Mmeandika alifariki wakati akikimbizwa hospitali. Naomba kujua, lilimbeba gari gani?"

Bosi akaniangalia mimi. Mezani palikuwa na kipaza sauti kimoja tu, na kilikuwa upande wangu. Nikakivuta.

"Hakuna gari lililombeba," nikasema. "Alifia kiwandani."

Bosi akakohoa. Binti akaandika, taratibu, wala hakuonekana kushangaa. Kisha akainua uso.

"Na wewe, kaka, ulijua tangu lini?"

Nikamtajia saa.